Kosa la Namba Sita

Jana saa kumi jioni ulipita. Usikatae. Ulikuwa juu ya baiskeli, au nyuma ya pikapu ya mchele iliyokuwa inatoka Ipinda kwenda Kyela mjini, na ulipofika kwenye ghala la kakao ukawaona wanawake waliojifunga vitenge viunoni wanakimbizana na mpira mdogo kama chungwa kwenye jaruba lililokauka. Ukacheka. Ukamwambia jirani yako, "Tazama mama zetu wamerudi utotoni." Kisha mmoja wao akajitupa chini, akafunika uso, watu wakaanza kupiga kelele. Hapo ndipo ulipogeuza shingo ukatazama migomba upande wa pili, kana kwamba maishani mwako hujawahi kuona mgomba.

Basi kaa, usikie ulichokikimbia. Yule aliyejitupa chini anaitwa Anyes. Na yule mwanamume aliyekuwa kwenye kiti cha miguu mitatu na nusu, daftari magotini, penseli mkononi, mdomo wazi kama aliyemeza inzi, ni mumewe, Sedekia. Kama ni kugawa lawama, tuanze naye. Hatakasirika. Tangu jana anajigawia mwenyewe kwa kata kubwa.

Sedekia alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika kwa miaka kumi na moja. Mwaka wa tisini na tatu, walipokuja na soko huria lao, chama kikapigwa kufuli, mizani ikauzwa, na karani akapewa barua ya mistari minne. Barua hiyo anaijua kwa moyo, pamoja na maneno mawili yaliyokosewa herufi. Huyu ni mtu wa kukumbuka. Anakumbuka nani alisema nini kwenye mkutano wa wanachama wa mwaka wa themanini na nne, na nani alisinzia. Shule aliishia darasa la saba. Mengine amejisomea mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Kilabuni akipata wasikilizaji wawili huhutubia kama wako mia mbili. "Makosa yetu wanayahesabu!" hupenda kusema, kidole hewani. "Ya kwao nani anayahesabu?" Wasikilizaji humwitikia, kisha humwomba asogee awapishe njia ya kwenda kukojoa.

Mzigo wa nyumba ukabaki kwa Anyes. Ni binti wa wafinyanzi wa Lyulilo, kule ziwani, mikono yake imekulia kwenye udongo. Alipata kazi kwenye ghala la kampuni, kuchambua kakao: punje nzima huku, iliyoota ukungu kule, kutwa amechuchumaa. Kwa kazi hiyo binti yao Neli yuko kidato cha pili. Kwa kazi hiyo hiyo Sedekia ana sabuni ya kufulia shati la kuhutubia.

Softiboli ililetwa na Meneja Edwin. Alisoma nje miaka minne, akarudi na digrii, kitambi, na sanduku lenye magongo mawili, mipira sita, glavu nne na kitabu cha sheria cha Kiingereza. "Mchezo huu unajenga umakini," aliwaambia wanawake wa ghalani, wote ishirini, akawapangia zamu za kucheza. Wanaokuwa uwanjani ni tisa na glavu ni nne, kwa hiyo watano hufunga viganja kwa vipande vya kanga. Uwanja ni jaruba ambalo ng'ombe walilikanyaga wakati wa tope, jua likalikausha vile vile, kwato kwa kwato. Kila Jumamosi walicheza na wanawake wa kinu cha mpunga, au na wachuuzi wa Kasumulu, wale wa mpakani, ambao hupiga gongo kana kwamba mpira ni kichwa cha ofisa wa forodha.

Akatafutwa mtu wa kuandika. Mchezo huu una karani, na karani ana shughuli. Kila mlinzi uwanjani, yaani anayedaka mpira, ana namba yake. Mpigaji akiupiga mpira kwa gongo, akakimbia akafika salama kwenye kimojawapo cha vituo vinne vya uwanja, karani aamue papo hapo: amefika kwa pigo zuri, au amefika kwa sababu mlinzi fulani amekosea? Likiwa pigo, heri kwa mpigaji, na mlinzi hana hatia. Likiwa kosa, linaandikwa kwa mlinzi. Kitabu kinasema ni kosa pale ambapo mchezaji wa kawaida, kwa juhudi ya kawaida, angeudaka mpira ule. Sedekia aliisoma sentensi hiyo kwa kamusi siku mbili, akaielewa kuliko aliyeitunga. Ndivyo alivyowaambia kilabuni.

Ujira ulikuwa kiti na soda moja. Angefanya hata bila soda. Kwa miaka mitatu hakuna aliyemuuliza uzito wa kitu chochote. Sasa watu hamsini walikuwa wanageuka wote kwa pamoja kumtazama yeye. Pigo au kosa? Alichelewesha jibu makusudi. Akatoa penseli sikioni, akailamba, akatazama mawingu. "Kosa. Namba nne." Hakuna asali tamu kama ile.

*

"Baba Neli, leo umeniandikia tena?"

"Mawili."

"Lile la kwanza mpira uligonga shimo la kwato ukaniruka kichwani. Hukuona?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Mchezaji wa kawaida angelitarajia shimo."

Anyes alikuwa anasonga ugali. Aliacha mwiko umesimama wenyewe ndani ya sufuria. "Huyo mchezaji wa kawaida anaishi wapi, nikamsalimie? Ana glavu? Ameamka alfajiri kutwanga? Ana mume kama huyu wangu?"

"Kitabu hakisemi habari za kutwanga, Mama Neli. Nikikuachia wewe watasema nakupendelea."

"Nani? Wenzangu wanasema unanionea."

"Umeona!" Sedekia alipiga paja kwa furaha. "Hiyo ndiyo haki sasa!"

Na kila Jumapili baada ya ibada aliketi kibarazani na kalamu ya wino, akapitia kila alama aliyoiandika kwa penseli, akaikoleza isifutike milele. Alikuwa na sababu. Vitabu vya ushirika viliandikwa kwa penseli, na wiki moja kabla ya kufuli vilifutwa, kurasa nzima zikabaki nyeupe kama meno ya mtoto. Sedekia aliapa kwamba kitabu chake hakitafutika. Daftari lenyewe lilikuwa la Neli, nusu ya mbele ina somo la biolojia. Nyuma ya mchoro wa panzi ndipo yalipoanza makosa ya wanawake.

*

Jumatatu iliyopita Meneja Edwin alipanda juu ya mizani ya kakao ili aonekane vizuri. Mkono wa mizani ukaruka hadi mwisho. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Akina mama, kakao imepungua," alisema. "Mko ishirini, nitabaki na kumi na wawili. Nisije nikaambiwa napendelea ndugu, nitatumia takwimu." Akainua daftari lenye panzi, ambalo Sedekia alikuwa amempelekea asubuhi ile ile ili amwonyeshe mwandiko. "Mwenye makosa saba na kuendelea, basi. Asiyeona mpira ataionaje punje mbovu?"

Akasoma. Tusekile, manane. Ikupa, saba. Akataja wengine watano, wote saba kwenda juu. "Anyes, sita. Mama, wewe bado una mechi ya Jumamosi, jitahidi. Mwenye malalamiko amwone karani. Kaandika mwenyewe, tena kwa wino."

Wanawake hawakumtazama meneja. Walimtazama Anyes, na Anyes akatazama kakao.

Wiki hiyo Sedekia aliijua njia yake upya. Tusekile ni jirani yao, mjane, watoto wanne. Asubuhi alikutana naye kisimani akamsalimia kama siku zote: "Ugonile, shemeji. Umelala salama?"

Tusekile alijitwisha ndoo yake taratibu. "Mchezaji wa kawaida angelala salama," akasema, akaenda zake.

Kilabuni walimpisha benchi zima akae peke yake. "Sogeeni, sogeeni, mwenye wino huyo. Ukipiga chafya anakuandika." Nyumbani Anyes alimwekea ugali, akamnawisha, akakaa.

"Mboga iko wapi, Mama Neli?"

"Imenidondoka," Anyes alisema. "Andika."

Siku ya Jumatano alivaa shati la kuhutubia akaenda ofisini kwa meneja. Njiani alikuwa na hotuba ya kurasa nne. Mlangoni ilibaki moja. "Bwana Meneja," alisema, "daftari lile ni la mchezo tu."

"Mzee Sedekia! Si wewe uliyeniambia namba hazina ndugu?" Meneja alicheka, akamrudishia daftari kwa ajili ya Jumamosi, akafungua friji akamtolea soda. Ya machungwa, baridi mpaka inatoa jasho.

Sedekia akainywa. Yale ya mkutano wa themanini na nne ataweza kuyasahau, lakini hili halisahau: akainywa yote, akageuza chupa kusubiri tone la mwisho, na akasema "ndaga", akimshukuru mtu kwa lugha ya mama yake.

*

Sasa tufike jana. Kabla hujaelewa kwa nini Anyes alijitupa chini, elewa jambo moja. Kwa Wanyakyusa, mke na baba wa mumewe hawakutani uso kwa uso. Wakikaribiana njiani mwanamke anaacha njia, anageuka, anachuchumaa, anajifunika. Wenyewe wanaita ukutila, na siku hizi vijana wengi wanaifanya nusunusu. Anyes si nusunusu. Aliikuta desturi hiyo kwa ndoa, akitoka kwa watu wa ziwani, akaishika kwa nguvu kuliko wenye nayo, asije akaambiwa hajafundwa. Miaka kumi na sita hajauona uso wa Mzee Aliko, baba yake Sedekia. Anamjua kwa kikohozi.

Na nani alimwita Mzee Aliko uwanjani? Karani wetu. Wiki tatu nyuma, enzi za asali, alimpelekea salamu: Baba, njoo Jumamosi ya mwisho uone mwanao anavyosikilizwa. Mambo yalipoharibika alisahau kutuma ujumbe wa pili. Ana kumbukumbu ndefu sana Sedekia, ila ina tundu mahali pa mkewe.

Mechi ilikuwa na wachuuzi wa Kasumulu. Anyes alicheza namba sita, kati ya kituo cha pili na cha tatu, bila glavu, viganja vimefungwa kanga. Alicheza kama mtu anayecheza na ada ya shule. Mipira mitatu aliidaka ambayo hata mwenye glavu angeikwepa. Kiganja kikavimba, akakitemea mate, akarudi kuinama. Ikabaki zamu ya mwisho. Mchuuzi mmoja mnene akaupiga mpira juu, juu kabisa, ukawa kitone. Mpira rahisi. Anyes akarudi nyuma hatua tatu, akajiweka chini yake, mikono wazi. Sedekia alikuwa ameshaanza kupumua.

Njia ya kutoka kwenye migomba inapita kando ya jaruba. Hapo hapo kikasikika kikohozi.

Anyes aliinua macho kuufuata mpira, na chini ya mpira, hatua sita mbele yake, akaona fimbo, koti la siku ya ibada, na ndevu nyeupe zinazoanza kutabasamu. Hakufikiri. Nani hufikiri? Aligeuka, akajitupa chini, akavuta kitenge mpaka kichwani. Mpira ukatua karibu na kisigino chake, pu, kama papai bovu. Wachuuzi wawili wakakimbia vituo vyote wakafika cha mwisho.

"Kosa!" Meneja Edwin alikuwa amesimama. "Namba sita! La saba hilo. Andika!"

Watu wakaanza kupiga kelele, hawa wakizomea, hawa wakiwazomea wanaozomea. Ndipo ulipopita wewe.

Sedekia alifungua kitabu cha sheria. Akaweka kidole kwenye sentensi yake. "Bwana Meneja, kitabu kinasema mchezaji wa kawaida..."

"Mchezaji wa kawaida angeudaka!"

"Wa kawaida wa wapi?" Sauti ilimtoka nyembamba, si ile ya kilabuni. "Hapa kwetu mkwe wa kawaida angefanya vile vile. Hilo si kosa. Ni pigo."

Kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe kiti kile alikuwa ameamua sawasawa, na alijua. Hata kifua kilianza kumpanda. Lakini Tusekile alikuwa amesimama kwenye kituo cha pili, mikono kiunoni.

"Hee, shemeji!" aliita, ili uwanja wote usikie. "Kumbe kusoma unajua! Mimi mpira uliponirukia kutoka kwenye kwato mara tatu, ulisema mchezaji wa kawaida angetarajia shimo. Leo shimo limeingia kwako ndiyo umepata macho?"

Sedekia alitazama daftari. Alitafuta kifutio mfukoni, akakipata, akarudi ukurasa wa kwanza, akasugua. Wino ulimtazama tu. Alisugua hadi karatasi ikatoboka, na kupitia tundu akaona mguu wa panzi.

"Lete hapa hilo daftari," meneja alisema akinyoosha mkono. "Mali ya kampuni."

"Mali ya Neli," sauti ilisema kutoka chini. Kiti cha karani kilikuwa upande ule ule wa mzee, kwa hiyo Anyes alikuwa anarudi kinyumenyume, kitenge bado kichwani, mgongo kwa mkwewe, anapapasa njia kwa visigino kama kuku anayechakura. Alifika kwenye kiti, akalichukua daftari kutoka magotini mwa mumewe, akalisokomeza kiunoni, akafunga kitenge mara mbili juu yake. "Nimelinunua mimi, Bwana Meneja. Kwa kakao yako. Kama unalitaka, lifuate lilipo."

Meneja alitazama lilipo. Akatazama watu. Mkono ukarudi mfukoni.

"Jumatatu saa moja nabandika orodha," alisema. "Daftari liwepo lisiwepo. Wanane nje, na wewe mama ni wa nane."

Mzee Aliko alibaki amesimama pale pale na fimbo yake. "Mimi nimepita njia yangu tu," aliwaambia watu, lakini kwa sauti ya mtu anayejitafutia kosa naye.

*

Leo Jumapili, baada ya ibada, daftari limetolewa ndani ya chungu kikubwa cha Lyulilo, chini ya mchele. Askari wa ghala alikuja kuliulizia asubuhi, akaondoka mikono mitupu. Sedekia ameketi kibarazani na kalamu yake ya wino. Wanawake wanane wamekaa kwenye mkeka uani. Aliwaita mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Kwa Tusekile alikwenda mara tatu, mara mbili akakuta mlango umefungwa na moshi unatoka.

"Siwezi kufuta," aliwaambia. "Naweza kuandika pembeni. Semeni kila moja lilikuwaje."

Walitazamana. Tusekile akaanza, macho kwenye vidole vyake vya miguu. "Matatu ya kwato unayajua. La nne sikuwa na glavu. La tano jua. Andika: jua la saa kumi, wametupanga tutazame magharibi."

Akaandika.

"Ikupa?"

"Yangu yote ni ya Juni," Ikupa alisema. "Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Siinami."

Kalamu ilisimama. "Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa unatazama mawingu."

Akaliandika hilo pia, na mawingu yake. Waliendelea hivyo mpaka saa tisa. Shimo. Hana glavu. Njaa. Mtoto alikuwa na degedege usiku kucha. Makosa hamsini na saba aliyoyaandika kwa furaha, na kati yake waliyoyakubali wenyewe kuwa kweli ni manne, naye Tusekile aling'ang'ania moja lake: "Hilo niache nalo, nilikuwa nawaza kumcheka mchuuzi."

Ikabaki lile la jana. Kikohozi kikasikika nyuma ya nyumba. Anyes akageuka haraka, akavuta kitenge.

"Waambieni," Mzee Aliko alisema kutoka nyuma ya ukuta, "la jana aandikiwe mzee. Ningekaa nyumbani."

Anyes hasemi na mkwewe. Alimwambia kuku aliyekuwa karibu, kwa sauti: "Wewe kuku, mwambie mwenye nyumba hii, mgeni hajileti. Anaitwa."

Wanawake wakaangua kicheko mpaka mkeka ukatetemeka, wote wakimtazama karani. Sedekia akainamisha kichwa, akaandika kwa herufi nzuri za wino, zisizofutika: *Kosa la namba sita: halikuwa lake. Ni la karani. Alimwita baba yake aje amtazame.*

Nawe, unadhani tumemaliza? Uwanjani wapo walinzi tisa. Leo jioni Sedekia amechora mstari wa kumi chini yao, kwa ajili ya makosa ya wale walioona wakageuza shingo. Meneja atasema daftari limechafuliwa na wenye njaa. Atasema hakuna mtu wa nje aliyeona kwato, wala jua, wala viganja vya kanga. Wewe uliona. Ulikuwa juu, kwenye baiskeli au pikapu, uliona vizuri kuliko karani.

Kesho saa moja kamili asubuhi wanawake wanane watakuwa kwenye geti la ghala, na daftari kiunoni mwa Anyes. Usiulize utapata nini. Usingoje uone kama wengine wamekwenda. Pita kwa jirani yako sasa hivi, yule uliyecheka naye, mgongee, mje wote wawili mseme mbele ya orodha mlichokiona. Mstari wa kumi hadi sasa umeandikwa kwa penseli.